Muzee Alikufa Mara Mbili

Tangu nirudi, kila anayepita mbele ya meza yangu pale Manika, mjini Kolwezi, ananiuliza jambo lile lile: Muzee iko wapi? Wengine hata hawasalimu. Wanatazama mahali alipozoea kuegeshwa, kando ya ukuta wa kanisa, wanaona patupu, kisha wananigeukia kana kwamba nimemla. Nimechoka kujibu mmoja mmoja. Kazi yangu ni kuandikia watu barua, basi leo najiandikia mwenyewe, na atakayeuliza tena nitampa karatasi hizi asome.

Kwa asiyetujua: Muzee ni gari. Motokari ndefu nyuma, rangi ya maziwa, inayokunywa mazutu, yaani dizeli. Mwenyewe ni yomba wangu, Banza, kaka ya mama yangu. Aliinunua miaka thelathini na moja iliyopita, enzi zake za udereva mgodini, kutoka kwa padri mzungu aliyekuwa anarudi kwao. Hata siku hiyo haikuwa mpya. Padri naye alikuwa ameitumia miaka tisa. Yomba aliiita Muzee tangu jioni ya kwanza, na tangu jioni hiyo hakuisema kama kitu. Hasemi "imechoka", anasema "amechoka". Sote nyumbani tukazoea kusema hivyo, na mi nitasema hivyo hapa.

Mmekuwa mkiniuliza pia dawa ya kumfanya aishi hivyo ni nini. Dawa ni kichwa kigumu cha Yomba. Mafuta ya injini anabadilisha kila kilometa elfu tano, hata ziangukie siku ya Pasaka. Mazutu haiingii tangini mpaka ipite kwenye kofia ya sufi aliyoiacha yule padri, inayokamata maji na uchafu. Asubuhi anawasha injini, anakaa kimya kwenye usukani, anasali fungu moja la rozari: Baba Yetu moja, Salamu Maria kumi. Ndipo anatia gia. Akifika anakokwenda, hazimi. Anasali fungu jingine, injini ikipumua polepole, halafu anazima. Anasema injini haitaki kushtuliwa, si kwa kuamka wala kwa kulala. Nimewahi kuchelewa kazini mara zisizohesabika kwa ajili ya zile Salamu Maria ishirini.

Lakini kulikuwa na dawa nyingine ambayo hatukuwa tunaisema mbele ya watu. Muzee aliishi sana kwa sababu Yomba alijua kukataa. Miaka kumi na moja iliyopita mama yangu mdogo, Ngoie, anayekaa Kisenge, alituma habari kwa kaka yake: mume wake, Papa Moize, ni mgonjwa, dawa za kule zimeshindwa, aje na motokari amlete hospitali Kolwezi. Ilikuwa katikati ya mvua. Yomba akajibu wangoje kidogo, njia ikauke. Papa Moize hakuweza kungoja. Tangu hapo Mama Ngoie hakulitaja jina la Banza, na aliuambia ukoo mzima kwamba siku Banza atakapokufa yeye hatatoa hata chozi moja.

Mwaka huu moyo wa Yomba ulianza kumsumbua. Akaja mezani kwangu, akakaa kwenye kiti cha wateja, akaniambia niandike: "Ngoie, nataka kukuona mbele sijaenda." Jibu lilirudi kwa mdomo wa mfanyabiashara mmoja: "Akuye. Lakini asikuye na tren, asikuye na kamyo. Akuye na ile motokari yake." Hapo ndipo safari ilipotoka. Muzee akishindwa njiani, Yomba haingii ule uwanja, na kwa moyo ule hakuna mwaka mwingine wa kujaribu.

Kutoka Manika

Mvua mbili za kwanza zilikuwa zimeshanyesha. Nilimshauri Yomba tungoje njia ikauke. Alifungua mlango wa upande wangu.

"Ile neno nilishaisema mara moja," akasema. "Panda."

Nikapanda. Akasali fungu lake, nami nikahesabu naye kimoyomoyo ili niwe na la kufanya. Tulipotoka mjini tukakuta foleni ya malori ya migodi, moja nyuma ya lingine, na Yomba hapitani na mtu. Mpaka jua lilipokuwa utosini tulikuwa bado tunaona mgongo wa lori moja, nikajua kila neno lililoandikwa pale nyuma.

Mahali wanapouza makaa, mtu mmoja mzima alitusimamisha. Alisema ni mchimbaji, ametokea Kasulo, anakwenda kujaribu bahati yake Kisenge, na ana mfuko mmoja tu.

"Mu mufuko muko nini?" Yomba akamuuliza.

"Manguo, tata."

Yomba akashuka, akaujaribu ule mfuko kwa mkono mmoja. Haukunyanyuka. Akaushika kwa mikono miwili, ukanyanyuka kidogo tu.

"Ile manguo ulifua na nini?"

Yule bwana akacheka mwenyewe. Yalikuwa mawe, alitaka kumwonyesha mtu wa kule aina ya madini anayoyajua. Yomba alimwambia springi za nyuma za Muzee zina umri kumzidi, akampa mkate, tukamwacha pale. Mi niliona aibu. Nilifikiri: huyu mzee anakwenda kuomba msamaha kwa kukataa kumbeba mtu, na njiani anakataa mwingine.

Mutshatsha

Njia ya kwenda Mutshatsha ina madimbwi, na madimbwi yana historia yake na Yomba. Kila dimbwi alilolikuta alisimama, akashuka na fimbo yenye alama mbili alizochonga kwa kisu. Alama ya chini ni Muzee anapita. Alama ya juu ni Muzee anazunguka. Anakunja suruali, anatembea ndani ya maji kutoka ukingo mpaka ukingo, anachokoa chini kama kuna jiwe, anarudi, anafuta miguu kwa kitambaa, anavaa viatu, anafunga kamba. Ndipo tunavuka, kwa mwendo wa mtu anayebeba sufuria ya moto. Mbele kidogo, dimbwi jingine. Nilipofika la ishirini niliacha kuhesabu.

"Yomba, waendesha baiskeli wanatupita," nikamwambia.

"Baiskeli haina karteri." Karteri ni lile bakuli la chuma chini ya injini linaloshika mafuta. Kwake yeye ulimwengu una hatari mbili, shetani na jiwe la kupasua karteri. "Karteri ikipasuka, mafuta inamwangika. Mafuta ikiisha, Muzee anakufa, na hakuna fundi mwenye kumulamusha. Ile njo kufa ya kweli."

Tulifika Mutshatsha jua likiwa limeshashuka. Mama mmoja aliyekuwa akiuza chakula barabarani alitupa bukari, ugali wetu, na finkubala, wale viwavi waliokaushwa, aliowakaanga na kitunguu na pilipili nyingi. Nilikula mpaka nikafungua mshipi. Alipojua tunatoka Kolwezi na tunakwenda Kisenge na gari lile, alilizunguka mara mbili akilishika shika.

"Iko na miaka ngapi?"

"Makumi ine," Yomba akajibu.

"Inapita bwana yangu," mama akasema. "Na inaonekana muzima kumupita." Bwana yake alikuwa amekaa hapo hapo akimenya mihogo, akakubali kwa kichwa bila kuudhika.

Tukalala kwenye chumba cha parokia. Kabla ya hapo nilisimama nje nikingoja Salamu Maria kumi ziishe, miguu inaniuma.

Kasaji

Sasa nafika kwenye makosa yangu, ambayo ni mawili, na niliyafanya mchana mmoja.

Siku ya pili kabla ya kuingia Kasaji, mshale wa mazutu ulishuka. Tulikuta bwana anayeuza kwa bidoni, yale madumu ya plastiki, kando ya njia. Yomba alikuwa amepauka midomo, mkono uko kifuani. Akaniambia: "Tia mazutu, mi nalala kidogo." Akasukuma kiti nyuma, akafunga macho.

Nikaichukua ile kofia ya padri. Nikamimina kidogo, ikawa inapita tone kwa tone. Jua linachoma, nzi wananitembea masikioni, na mi nimeshachoka na fimbo na madimbwi na rozari. Nikaitoa kofia, nikamimina bidoni zote mbili moja kwa moja. Kisha nikailowesha kofia kwa mazutu ili akiiona adhani imefanya kazi. Hilo la mwisho ndilo linaloniuma mpaka leo.

Kilometa chache mbele Muzee akakohoa. Akakohoa tena, akavuta, akaruka kama mtu aliyekwamwa na mfupa, akazima. Yomba alishuka, akafungua boneti, akafungua kichujio cha mazutu, akamimina kilichokuwemo kwenye kiganja chake na kukiangalia. Nusu yake ilikuwa maji.

"Ulisahabu kofia," akasema.

Ningeweza kusema ndiyo, nimesahau. Nikasema: "Sikuisahau, Yomba. Niliacha."

Akainamisha kichwa, akafuta kiganja. Angenitukana ningejisikia vizuri zaidi. Alinieleza tu kinachotakiwa: kutoa mazutu yote tangini, kuiacha itulie kwenye bidoni mpaka kesho ili maji yaende chini, kuchota ya juu na kuipitisha kwenye kofia, kubadilisha kichujio, kisha kuvuta hewa yote kutoka kwenye mirija kwa pampu ya mkono. Tukikosa hata moja, Muzee anabaki pale. Mama Ngoie alikuwa akitungoja jioni ile ile.

"Umutumie Ngoie neno," Yomba akasema, maana mi ndiye mwenye simu. "Asizanie tena nilikataa."

Mtandao haukuwepo. Kulikuwa na kichuguu kirefu kama nyumba, watu wa pale walisema juu yake kuna mtandao kidogo, na kweli niliona watu wawili wameshapanda, kila mmoja ameshika simu juu. Nikapanda, nikateleza, nikapanda tena. Simu ilikataa kuita, lakini ujumbe ulikuwa unaweza kupita. Nilikuwa na namba ya jirani wa Mama Ngoie, katekista Kalenga, kwa sababu Mama Ngoie hana simu.

"Niandike nini?" nikapiga kelele kutoka juu.

Yomba alikuwa amelala chini ya gari, nati mdomoni. Akatoa nati. "Andika: Muzee alishakufa hapa Kasaji. Tunakuya kesho. Mutungojee."

Nikaandika hivyo hivyo. Miaka kumi na minane nakaa kwenye ile meza, na sheria yangu ni moja: maneno ya mtu naandika kama alivyosema, siongezi, sipunguzi. Kolwezi nzima inajua Muzee ni nani. Kisenge hakuna aliyejua, kwa sababu Muzee hakuwahi kwenda Kisenge, na hilo ndilo lilikuwa chanzo cha ugomvi wenyewe. Ningeandika "ilishakufa" badala ya "alishakufa", herufi moja tu, mambo yangekuwa mengine. Ujumbe ukapita. Simu ikaisha moto wa betri, nikashuka kwa makalio.

Kwenda Kisenge

Asubuhi maji yalikuwa yamekaa chini ya bidoni kama alivyosema. Tulichota, tukachuja, zamu hii nilishika kofia kwa mikono yangu miwili mpaka tone la mwisho. Yomba alipiga pampu, akavuta hewa, akanituma kwenye usukani. Jaribio la nne Muzee akanguruma, moshi mweupe, halafu mweusi, halafu hakuna. Nilifurahi kuliko nilivyotaka kuonyesha. Yomba akanisogeza, akakaa, akasali fungu lake.

Tulipoacha njia kubwa na kushika ile ya Kisenge, watu walianza kutufanyia jambo la ajabu. Mwendesha baiskeli wa kwanza alitutazama, akashuka, akavua kofia. Wa pili vile vile. Wanawake waliokuwa na mihogo kichwani walisimama ukingoni, wakainamisha macho mpaka tulipopita.

"Unaona?" Yomba akasema, uso umemng'aa. "Huku batu banajua kuheshimu motokari."

Nami nikaamini. Ndiyo, mi mwenye kusoma na kuandika, nikaamini.

Kwenye kizuizi cha kijiji, bwana mmoja mwenye koti alisogea dirishani kwangu. Alisema kwa sauti ya chini: "Tulisikia Muzee alikufa. Poleni sana."

Habari zinakimbia, nikafikiri. Yomba akainama kutoka upande wake kumjibu.

"Alikufa kweli, jana saa tisa. Nilimufungua, nikamutosha maji yote mu tumbo, leo asubui akalamuka."

Yule bwana akafanya ishara ya msalaba.

"Na sasa iko fasi gani?"

"Njo huyu nakaliya," Yomba akasema, akimpigapiga Muzee kwenye mlango.

Bwana akarudi nyuma hatua tatu, akainua mti wa kizuizi bila kutuomba chochote, na alikuwa bado ameuinua tulipokata kona. Yomba akasema watu wa kule wana adabu nzuri.

Kisenge

Nyumba ya Mama Ngoie iko kwenye safu za zamani za wafanyakazi wa mgodi wa manganizi, matofali, paa limeingia kutu. Kutoka mbali tuliona uwanja umejaa watu. Wanaume kwenye mabenchi, wanawake chini kwenye mikeka, sufuria kubwa juu ya moto, na ile sauti ambayo mtu yeyote wa kwetu anaijua hata akiwa usingizini.

"Kuko kilio," Yomba akasema. "Nani alikufa?"

Hapo ndipo niliposhtuka. Maneno niliyoandika juu ya kichuguu yalinirudia, moja baada ya lingine, na yule wa baiskeli na kofia yake, na yule wa koti. Nikasema: "Yomba, nafikiri ni weye."

Hakuelewa. Alikuwa ameshasimamisha Muzee na kuanza fungu lake, na mtu haongei naye wakati huo. Basi watu wote wa kilio walisimama wakilitazama gari linanguruma, na ndani yake, kwenye usukani, marehemu anasali. Wengine walikimbia. Katekista Kalenga, mtu mnene mwenye miwani, alibaki ameshika daftari la nyimbo, mdomo wazi. Yomba akamaliza, akazima, akafungua mlango, akashuka.

Mama Ngoie hakukimbia. Alikuwa kwenye mkeka, miguu imenyooshwa, kitambaa kimefungwa kiunoni, macho yamevimba. Yomba akaenda mpaka mbele yake. Yeye akanyoosha mkono, akashika kiatu chake, akakibonyeza mpaka akasikia kidole ndani.

"Banza," akasema.

"Ni miye."

"Banasema ulikufa."

"Ni motokari njo alikufa. Jina yake Muzee."

Mama Ngoie aliligeukia gari. Aliliangalia kutoka taa za mbele mpaka mlango wa nyuma.

"Mi nililia motokari," akasema.

Mtu mmoja huko nyuma alianza kucheka, akajizuia. Nilitaka ardhi inimeze. Baadaye Kalenga alinieleza jinsi alivyolia: hakukata sauti tangu aliposomewa ujumbe, alijilaumu kwamba alimtoa mgonjwa wa moyo kitandani kwa sharti la motokari, alisema afadhali angemwacha aje kwa tren. Yote hayo mbele ya mtaa mzima, juu ya mtu ambaye aliapa kwamba hatamlilia.

Alisimama mwenyewe, akikataa mikono ya wanawake. Sasa hasira ilikuwa imefika.

"Miaka kumi na moja nilisema sitakulilia. Jana nilikulilia mbele ya batu yote. Ile machozi yangu, nani atanirudishia?"

"Sina kitu ya kukurudishia, Ngoie," Yomba akasema. "Nilikuya na motokari, vile ulisema."

"Ulikuya nayo. Moize alikuita nayo."

"Ndiyo."

"Ukasema njia ikauke."

"Nilisema vile. Niliogopea motokari. Sikumuogopea Moize. Njo kosa yangu, siko na ingine neno."

Sijawahi kumsikia Yomba akisema maneno hayo, si kwa padri, si kwa mke wake alipokuwa hai. Nilitazama pembeni kwa sababu niliona vibaya kumtazama.

Mama Ngoie alifungua kitambaa kiunoni, akajipangusa uso, akakifunga tena. "Moize iko kule nyuma ya mugodi ya zamani. Basi unipeleke nayo."

"Mama," Kalenga akaingilia, "ile ni njia ya miguu. Majani marefu, na kuko bisiki. Hakuna motokari ilishafika kule."

Wote wakamtazama Yomba. Mi nilitazama fimbo yake ya alama mbili, iliyokuwa imeegemezwa kwenye kiti cha nyuma.

"Panda, Ngoie," Yomba akasema.

Mpaka kwa Moize

Mama Ngoie alikaa mbele, mi nikakaa nyuma na ile fimbo. Yomba aliwasha, na kabla sijamaliza kufunga mlango alikuwa ameshatia gia. Hakusali. Kwa miaka yote niliyomjua ilikuwa mara ya kwanza, na nilijua hapo hapo kwamba safari hii hapimi kitu.

Njia ilikuwa mstari mwembamba kati ya majani yanayofika dirishani. Hakushuka kuangalia. Nilimwonyesha fimbo kwenye kioo, akaiona, akaendelea. Mama Ngoie alikuwa ameshika mpini wa mlango, anaelekeza kwa kidevu: huku, sasa huku. Kisiki cha kwanza kilikwangua pembeni. Cha pili kilipita katikati. Cha tatu kilipiga chini kabisa, chuma kwa mti, Muzee mzima akatikisika.

Nikageuka. Nyuma yetu, juu ya majani yaliyolala, kulikuwa na mstari mweusi unaong'aa. Mbele, kwenye usukani, taa ndogo nyekundu ikawaka.

"Yomba, mafuta."

"Naona."

"Ukizima sasa hivi, anapona. Tunatembea kidogo kwa miguu."

"Alisema nimupeleke nayo."

Mama Ngoie hakujua taa ile maana yake nini. Aliuliza kama kuna shida, na Yomba akamwambia hakuna.

Kaburi lina msalaba wa chuma cha mgodi na maua ya plastiki. Yomba akasimamisha Muzee karibu nalo, taa za mbele zikilitazama, akashuka na rozari yake. Injini akaiacha inanguruma, kama kila siku alipofika anakokwenda. Ilikuwa imeshaanza kugonga ndani, kavu, chuma kinasaga chuma. Mi nilisimama na mkono kwenye mlango. Alikuwa ananiona.

"Nizime, Yomba?"

"Acha. Nilifika. Ninasali."

Wakasimama yeye na dada yake, mabega yanakaribiana bila kugusana. Baba Yetu. Salamu Maria ya kwanza, ya pili. Kufikia ya tano sauti ya injini ilikuwa inazishinda sauti zao, na Mama Ngoie alipandisha ya kwake. Ya sita, ya saba. Kwenye ya nane Muzee akatoa mlio mmoja mrefu, akajikaza, akanyamaza. Moshi ulitoka chini ya boneti. Yomba alifunga mdomo. Machozi yalikuwa yanamdondoka kwenye shati bila yeye kuyafuta.

Mama Ngoie akamtazama, akalitazama gari, na nafikiri hapo ndipo alipoelewa. Akachukua ule mkono wenye rozari, akaushika, akasali ya tisa peke yake. Kisha ya kumi.

Kurudi

Yomba nilimwacha kwa dada yake, nikarudi peke yangu kwa lori la mihogo, siku tatu, sina la kusimulia isipokuwa kwamba dereva alipita kila dimbwi kwa kasi na niliogopa kila moja. Muzee amebaki pale alipozimia. Kalenga anasema majani yameshafika kwenye vioo, na wanaokwenda makaburini wanaegemeza baiskeli zao kwake.

Mkiniuliza gari la mazutu lililotunzwa vizuri linaweza kuishi muda gani, mi si fundi. Hili moja liliishi miaka arobaini, mpaka Salamu Maria ya nane. Najua lingeendelea.

Na mkiniuliza Muzee iko wapi, juzi nilipata ujumbe kutoka namba ya Kalenga. Ulisema: "Muzee iko muzima. Anakula bukari yote. Nilimukataza kurudi, angoje njia ikauke." Niliusoma mara mbili nikidhani ni maneno ya katekista. Chini kabisa palikuwa na jina: Ngoie.